Mbeleko na Safari Ndefu: Historia ya Kumsafirisha Mtoto Mchanga Afrika Mashariki

Mbeleko ni nguo anayofungiwa mtoto mgongoni mwa mlezi wake ili abebwe huku mikono ya mlezi ikibaki huru kwa kazi nyingine. Ndicho chombo cha kale zaidi cha kumsafirishia mtoto mchanga katika nchi za Afrika Mashariki. Kilikuwapo kabla ya reli, basi na ndege, na kila chombo kipya kilipofika, akina mama walikipanda mbeleko ikiwa mgongoni. Historia yake ni sehemu ya historia ya usafiri wenyewe, kwa sababu kila njia ndefu iliyofunguliwa katika eneo hili ilipitwa pia na watu wasioweza kutembea, kusema kiu yao wala kueleza kinachowauma.

Jina na ukoo wake

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumshika mtoto, na kila kimoja kina kazi yake. Kubeba ni neno la jumla, linalofaa hata kwa mzigo. Kubeleka ni kumfunga mgongoni kwa nguo. Kueleka ni kumpanulia miguu na kumkalisha kiunoni au mgongoni. Kupakata ni kumweka mapajani, na kukumbatia ni kumshika kifuani kwa mikono miwili. Msafiri aliye na mtoto huvipitia vyote kwa siku moja: hubeleka akitembea, hueleka kiunoni akisubiri, na hupakata akikaa.

Jina la mbeleko limetokana na kitenzi hicho cha kubeleka, na ukoo wake ni mpana. Washona wa Zimbabwe husema mbereko. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini wana imbeleko, neno linalotaja pia sherehe ya kumtambulisha mtoto kwa wahenga wake, ambayo huambatana na kuchinjwa kwa mbuzi. Kwamba neno moja limesambaa kutoka pwani ya Kenya hadi kusini kabisa mwa bara ni dalili kwamba desturi yenyewe ilisafiri pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu tangu zama za kale.

Kutoka Kenya ya kati hadi maziwa makuu kuna ukoo mwingine wa majina. Wakikuyu huita kibebeo cha mtoto ngoi. Watu wa Uganda magharibi husema engozi, na Wanyarwanda na Warundi husema ingobyi. Ngozi ya Kiswahili inafanana nayo kwa sauti na kwa maana, kwa kuwa vibebeo hivyo vilikuwa vya ngozi. Jambo la kuzingatia ni kwamba engozi na ingobyi ni majina pia ya machela ya kumbebea mgonjwa. Huko vilimani, ambako magari yalichelewa kufika, mtoto mchanga na mgonjwa walihesabiwa kuwa wasafiri wa namna moja, yaani watu ambao safari yao ni wajibu wa wengine.

Pwani, deni la kubebwa liliingizwa hata katika ndoa. Mbali na mahari ya bibi harusi, desturi ya Waswahili iliweka zawadi za wazazi wake: kilemba cha baba, na mkaja na mbeleko za mama. Mkaja ni nguo ya kujifunga tumbo baada ya kuzaa. Kwa zawadi hizo mbili bwana harusi alikiri kwamba mke anayemchukua alizaliwa kwa uchungu na kubebwa kwa mgongo wa mtu.

Kutoka ngozi hadi kanga

Kabla ya nguo za madukani kuenea, mbeleko za bara zilikuwa za ngozi ya mbuzi au kondoo iliyolainishwa kwa kusuguliwa na kupakwa mafuta. Ngozi ina faida zake: haipitishi upepo wa milimani, haichaniki upesi, na hubeba uzito bila kunyooka. Ubaya wake huonekana safarini. Ikilowa mvua au mkojo huwa nzito, hukauka polepole, na ikikauka vibaya huwa ngumu na kumchubua mtoto.

Mabadiliko makubwa yalikuja na biashara ya pamba katika karne ya 19. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, merikebu za kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar vitambaa vigumu visivyotiwa rangi vilivyopewa jina la merikani. Kutoka India ilikuja kaniki, nguo iliyotiwa rangi nzito ya nili. Nguo hizo zilikuwa bidhaa, na bara zilitumika pia kama fedha. Zilifika Tabora, Ujiji na kwingineko mabegani mwa wapagazi, na kidogo kidogo ngozi ikaanza kuachia nafasi yake.

Kanga ilifuata katika nusu ya pili ya karne hiyo. Jina lake jingine, leso, linalotumika hadi leo Mombasa, linakumbusha vitambaa vya Kireno vilivyoshonwa pamoja kupata nguo moja pana. Huko Zanzibar, wanawake waliotoka utumwani waliipokea kwa shauku, hasa baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, kwa sababu merikani na kaniki zilikuwa zimekuwa alama ya utwana. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana kwa kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla.

Kwa mama msafiri kanga ilikuwa na sifa ambazo ngozi haikuwa nazo. Upana wake wa karibu mita 1 na urefu wa karibu mita 1.5 unatosha kuzunguka miili miwili na kufungwa fundo. Ni nyepesi, hufuliwa mtoni na kukauka juani kwa muda mfupi. Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyolainika, hata kipande kikuukuu kikafaa kuchanwa na kufanywa winda la mtoto, kazi ambayo baadaye ilichukuliwa na nepi za madukani. Nguo ile ile ilimbeba mtoto, ikamkinga jua, ikatandikwa chini alale, ikamfunika usiku, na ikampa mama stara aliponyonyesha mbele za watu. Tena kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kwa hiyo kimoja kilipolowa cha pili kilikuwapo.

Ufundi wa kubeleka haukuandikwa. Binti aliupata kwa kuwabeba wadogo zake. Mama huinama mgongo ukawa karibu bapa, humlaza mtoto juu yake kifudifudi na miguu ikiukumbatia mwili, kisha huipitisha kanga juu ya mtoto na kuivuta mbele, pindo la juu likaze na la chini limkalie chini ya makalio. Shavu la mtoto hubaki upande ili pua isizibwe. Kichanga asiyekaza shingo hushikwa mbele au hulazwa mikononi, kwa maana mgongo ni wa mtoto aliyeanza kuimudu shingo yake. Pwani arobaini nayo ilisaidia kulinda umri huo: mama na mtoto walikaa ndani siku 40 baada ya uzazi, na safari ndefu ilingoja.

Barabara ya misafara

Njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Tabora hadi Ujiji, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,200, na kwa miguu ilichukua miezi. Picha iliyozoeleka ya misafara yake ni ya wanaume peke yao: kirangozi mbele na wapagazi nyuma yake, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Uchunguzi wa mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, umeonyesha kwamba wanawake walikuwamo kwa wingi. Wengi walikuwa wake wa wapagazi wa Kinyamwezi. Walibeba vyungu, vyakula na mikeka, wakapika na kutengeneza makazi ya usiku, na migongoni walikuwa na watoto. Wapo waliojifungua njiani na kuendelea na safari.

Ratiba ya msafara ilimfaa mtoto kuliko inavyodhaniwa. Watu waliondoka alfajiri, wakatembea wakati wa ubaridi, na kwa kawaida wakafika kambini kabla jua halijawa kali. Masaa hayo ya asubuhi mtoto aliyapitisha kwa usingizi, akitikiswa na hatua za mama. Mchana na jioni zilikuwa za kuoshwa, kupakwa mafuta na kushikwa na watu wengine. Chakula chake hakikuhitaji kuchemshwa wala kubebwa kwenye chombo, maana kilikuwa kifuani mwa mama.

Hatari ilikuwa kwa mama. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji maji mengi kuliko wengine, na njia ya kati ilikuwa na vipande vikavu. Kilichojulikana zaidi kilikuwa Marenga Mkali, mashariki ya Ugogo, ambako msafara ulilazimika kujaza vibuyu na kupiga mwendo mrefu hadi maji mengine. Kiu ya mama iligeuka njaa ya mtoto. Homa ya malaria nayo haikuchagua umri.

Misafara ya watumwa ilikuwa jambo jingine kabisa, nayo haiwezi kuachwa katika historia hii. Humo mama hakuwa na hiari ya kusimama, kunyonyesha wala kupumzika. David Livingstone, alipokuwa katika bonde la mto Shire, Malawi ya leo, mwaka 1861, aliandika habari za mwanamke ambaye mtoto wake aliuawa kwa sababu alishindwa kumbeba pamoja na mzigo aliopewa. Mgongo mmoja ulitakiwa na biashara na mtoto kwa pamoja, na mfanyabiashara ndiye aliyeamua.

Baharini

Safari ya bahari ilitegemea pepo. Kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi iliyofuata iliyarudisha. Kati ya Maskati na Zanzibar safari ilichukua wiki kadhaa, na aliyekosa msimu alingoja mwaka.

Kwa mama mwenye mtoto, jahazi lilikuwa na uzito wa aina yake. Nchi kavu mama alimtuliza mtoto kwa kutembea, lakini chomboni hapakuwa na pa kutembea. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika chombo cha nahodha Ali al-Najdi wa Kuwait kati ya mwaka 1938 na 1939, alieleza jinsi wanawake na watoto waliotoka Hadhramaut kuja Afrika Mashariki walivyowekwa chini ya sitaha upande wa tezi, mbali na macho ya wanaume. Stara ilipatikana, hewa ikakosekana. Harufu ya maji ya ngamani na ya sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbao za chombo, iliwazidishia kichefuchefu. Maji matamu yalipimwa, kwa hiyo nguo za mtoto zilifuliwa kwa maji ya chumvi, ambayo huacha ukavu unaowasha ngozi laini. Dawa ilikuwa mafuta ya nazi, nguo kuukuu, na mikono ya wanawake wenzake waliopokezana mtoto.

Kisa kimoja cha mtoto aliyesafirishwa mbali kinajulikana kwa sababu ya mama yake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, aliondoka kisiwani mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akiwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza, Heinrich, alizaliwa Aden Desemba mwaka huo. Mwaka 1867 Salme, sasa akiitwa Emily Ruete, alifuatana na mumewe Mjerumani kwenda Hamburg. Mtoto alifariki njiani, kabla ya kufika. Kumbukumbu ambazo Salme alizichapisha mwaka 1886 zinaeleza kwa kirefu malezi ya watoto katika nyumba za kifalme, ambako kila mtoto alizungukwa na walezi wengi. Mama huyo aliyekulia katika wingi huo wa mikono alisafiri na mwanawe mbali na ndugu zake wote.

Reli na maziwa makuu

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwa Victoria mwaka 1901. Reli ya kati ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyochukua miezi kwa miguu ikawa ya siku mbili tatu. Hakuna badiliko lililompunguzia mtoto mchanga hatari za safari kuliko hilo.

Treni ilikuwa na mambo mawili yaliyomfaa mtoto. La kwanza ni mtikisiko wake wa mfululizo, unaofanana na wa hatua. La pili ni nafasi: mama aliweza kusimama, kubeleka, kupita kati ya viti na kurudi. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi magumu na msongamano, lakini msongamano huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa jirani alimpokea mtoto mama alipokwenda chooni. Sakafuni palitandikwa kanga, na watoto walilala miguuni mwa wakubwa. Vituo navyo vilikuwa soko. Wachuuzi walileta madirishani mayai, ndizi, karanga, chai na maziwa, na Saranda katika reli ya kati ikapata sifa kwa kuku wake. Mama anayekula vizuri njiani hunyonyesha vizuri njiani.

Baadaye ilikuja reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, yenye kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ziwani Tanganyika, meli ya Liemba, iliyoundwa na Wajerumani na kuitwa kwanza Graf von Götzen, ilibeba familia za Kigoma, Rukwa, Burundi, Kongo na Zambia. Katika bandari nyingi abiria walishuka kwa mashua, na mtoto alipitishwa mkono kwa mkono juu ya maji.

Njia ndefu za karne ya 20 hazikuwa za hiari zote. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania kwa muda wa karibu siku moja. Walitembea kwa miguu kama wasafiri wa karne ya 19, na watoto walivuka kwenye ingobyi.

Basi na mapaja

Kuenea kwa barabara za lami baada ya uhuru kulihamishia safari ndefu kwenye mabasi. Hapo mbeleko ilipata mpinzani wake wa kwanza wa kweli, kiti. Mtoto wa mgongoni hana nafasi kati ya mama na egemeo, kwa hiyo hufunguliwa na kupakatwa. Mtoto anayepakatwa hahesabiwi kuwa abiria, hana kiti wala mkanda, na mapaja ya mama ndiyo kitanda chake kwa masaa 10 au zaidi.

Basi huwahi kuliko treni, lakini ratiba yake haimwangalii mtoto. Vituo vya chakula ni vya dakika chache. Vituo vya kuchimba dawa, kama vinavyoitwa kwa adabu, mara nyingi ni vichaka kando ya barabara, ambako hakuna maji wala mahali safi pa kumbadilishia mtoto. Joto la dirishani, vumbi na muziki wa sauti kubwa humnyima usingizi. Akina mama waliyajibu hayo kwa maarifa ya zamani: kuchagua kiti cha upande usio na jua, kuloweka pindo la kanga na kumpangusa mtoto, kumnyonyesha kidogo kidogo badala ya kungoja alie, na kubeba uji kwenye chupa ya chai kwa aliyeanza kula.

Lipo jambo moja ambalo maarifa ya zamani hayakuliandaa, nalo ni mwendo kasi. Mbeleko iliundwa kwa hatua za miguu. Gari likigonga au kusimama ghafla, hakuna mikono wala fundo linaloweza kumzuia mtoto asirushwe, na mtoto aliyefungwa pamoja na mtu mzima ndani ya mkanda mmoja hubanwa na uzito wa mtu huyo. Ndiyo maana kiti maalumu cha mtoto, chenye mikanda yake na kinachotazama nyuma kwa wachanga, kilibuniwa kwa ajili ya magari. Mbeleko na kiti hicho si washindani: kimoja ni cha kutembea, kingine ni cha gari.

Chupa ya maziwa

Katika karne ya 20 maziwa ya unga yalitangazwa kama chakula cha kisasa, na chupa ikaonekana kuwa rafiki wa msafiri. Safari ndiyo iliyofichua udhaifu wake. Chupa huhitaji maji yaliyochemshwa, moto, sabuni na kipimo sahihi cha unga, vitu ambavyo ni adimu kituoni usiku. Maziwa yaliyokaa masaa mengi kwenye joto huota vijidudu, na mtoto akaharisha mbali na zahanati. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti matangazo ya vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Kwa msafiri ushauri huo unaafikiana na walichofanya wanawake wa misafara.

Mbeleko yavuka bahari

Katika miaka ya 1960 Ann Moore, muuguzi wa Marekani aliyekuwa Togo na kikosi cha kujitolea cha Peace Corps, aliona utulivu wa watoto waliobebwa migongoni. Aliporudi kwao alibuni kibebeo cha Snugli, kilichopata hataza mwaka 1969. Ingawa mfano wake ulitoka Afrika Magharibi, desturi ni ile ile, na vibebeo vya nguo vikawa bidhaa ya kiwandani huko Marekani na Ulaya.

Utafiti ulifuata. Mwaka 1986, Urs Hunziker na Ronald Barr walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliobebwa kwa masaa zaidi kila siku walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofikisha wiki 6, umri ambao kilio huwa kikubwa. Mwaka 2013, watafiti wakiwamo Kumi Kuroda wa Japani walionyesha kwamba mama anapoinuka na kutembea na mtoto mikononi, mapigo ya moyo wa mtoto hupungua na kilio hutulia papo hapo. Akikaa tu, hali haiwi hivyo. Madaktari wa mifupa nao wanaona kwamba kukaa miguu ikiwa imepanuliwa kuukumbatia mwili wa mlezi kunasaidia nyonga kukua vizuri.

Ndege imeongeza sura ya mwisho. Kampuni nyingi humchukua mtoto wa chini ya miaka 2 mapajani, na katika safari za mabara huweza kumpa kitanda kidogo kinachopachikwa ukutani, jamaa wa susu ya kienyeji. Taabu ya pekee ya angani ni masikio, kwa kuwa mgandamizo wa hewa hubadilika ndege inapopanda na kushuka. Kunyonya na kumeza hufungua njia ya hewa ya sikio, kwa hiyo titi hufanya kazi pale ambapo maneno hayawezi.

Katika njia hizo zote mahitaji ya mtoto hayakubadilika: mwili wa kumshika, maziwa, kivuli, nguo kavu, na watu wa kumpokea mama anapochoka. Vyombo vilivyompa mama nafasi ya kuyatimiza vilimfaa mtoto hata vilipokuwa vya polepole, na vilivyomnyima vilimtesa hata vilipokuwa vya haraka. Wanaojenga stendi, vituo vya reli na viwanja vya ndege leo wana wajibu wa kumwekea mama maji safi, kivuli na mahali pa kunyonyeshea. Kanga bado huuzwa kwa doti, na wanawake wengi wa Afrika Mashariki wangali wanajifunga kipande kimoja na kumbeleka mtoto kwa cha pili.